Udongo Usioona Jua

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa ugomvi wa chumvi. Bi Waziran alionja dengu, akasukuma bakuli, akasema mkwewe anapika kama mtu anayeosha vyungu. Dastagir akajibu kwamba chumvi ipo, ulimi wake ndio uliozeeka.

"Ulimi wangu? Huu uliomfundisha Hurmat kupika?"

"Hurmat alifundishwa na njaa, mama. Ulikuwa hupiki."

"Mwongo mkubwa. Niletee chumvi."

Akamletea. Wakala. Ilikuwa Jumanne, katika mwezi wa joto kali, na zilikuwa zimebaki siku tisa kutimia mwaka tangu Hurmat afariki.

Wawili hao walikuwa wameishi hivyo tangu mazishi, mjane wa kiume na mama wa marehemu, katika nyumba ya mawe nyuma ya soko la mji wa Bidar. Hawakupendana sana. Walikaa pamoja kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kugombana naye kuhusu Hurmat. Bi Waziran alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili; aliona mwanga na kivuli, basi. Siku nzima alikaa kitandani mwake karibu na mlango, akisikiliza nyundo ya mkwewe kutoka karakana iliyokuwa upande wa pili wa ua.

Dastagir alitengeneza vyombo vyeusi vya mji ule. Chombo humiminwa kwa zinki na shaba, kikapakwa mrututu ili mchoro uonekane, kikachorwa, kikachongwa, kisha uzi wa fedha ukagongwa ndani ya kila mfereji. Mwisho huchemshwa na kusuguliwa kwa udongo wa ngomeni, mpaka mwili wake uwe mweusi tititi na fedha ibaki nyeupe. Yeye alichonga na kugonga. Aliyechora ni Hurmat. Alichora kwa mkono wa kushoto, bila kupima, na majani yake yote yaliinama upande mmoja, kana kwamba upepo ulikuwa unavuma juu ya chombo.

Vyombo vyote alivyovichora vilikuwa vimekwisha kwenda, Haidarabadi na mbali zaidi, katika nyumba za watu wasiojua jina lake. Ulibaki mrashi mmoja. Alikuwa amechora mzabibu unaopanda kutoka kitakoni hadi shingoni, na homa ilipomwangusha alikuwa amebakiza jani moja. Dastagir aligonga fedha katika majani yote arobaini aliyoyakuta, na mahali pa lile moja akapaacha patupu. Alitaka mrashi uwe mweusi ifikapo siku ya hitima, aujaze maji ya waridi, anyunyizie kaburi la mkewe. Zaidi ya hilo hakuwa na haja na dunia.

Kilichokosekana ni udongo.

Udongo wenyewe hutoka katika vyumba vya ndani vya ngome, ambavyo havijaona jua wala mvua tangu enzi za wafalme waliovijenga. Hata humo, si kila kona inafaa, na kinachotambua ni ulimi tu. Mwonjaji huwasalimu wenye chumba, wale wasioonekana, huchota kwa kidole, huonja, hutema papo hapo ndani ya shimo, hufunika, halafu husukutua kinywa. Kwa miaka kumi na minne mwonjaji wa Dastagir alikuwa Hurmat. Mafundi walikuwa na sharti moja zaidi: mfiwa haonji mpaka mwaka uishe. Huonjewa na mwenzake. Wawili walikuja kujitolea, na Dastagir akawashukuru, akawaambia hapana.

Mchana ule, baada ya dengu, alikwenda peke yake.

Shimo la Hurmat lilikuwa kwenye kona ya chumba kilichokuwa ghala, na bado lilikuwa limefunikwa kwa kigae alichokiweka mwenyewe. Dastagir alitoa salamu mara tatu. Aliweka kipande cha sukari guru ukutani. Akachota, akaweka ulimini. Udongo ulikuwa baridi, wenye ukali wa chuma. Hapo ndipo alipofikiri jambo ambalo hakulipanga: kwamba humo shimoni Hurmat alikuwa ametema mate miaka kumi na minne, na kwamba hapakuwa na mahali pengine chini ya mbingu ambapo kitu kilichotoka kinywani mwake kilikuwa bado kipo.

Alijua anapaswa kutema. Akameza.

Kisha akajaza mfuko, akarudisha kigae, akaenda zake nyumbani.

Siku ya pili yake nyumba ilinuka unyevu. Mvua ilikuwa mbali miezi miwili. Kisima cha ua kilikuwa kimeshuka hadi matope. Dastagir alikagua mtungi, akakagua paa, akainusa mikeka. Harufu haikutoka popote. Ilikuwepo tu, kama ya chumba kilichofunguliwa baada ya muda mrefu.

Alhamisi alifungua kitambaa cha mrashi ili aupime kwenye sufuria, na akaona jani la arobaini na moja.

Lilikuwa limechongwa na kugongwa fedha. Kazi safi, hata yeye angejivunia. Alilipeleka kwenye mwanga wa mlango. Majani arobaini yaliinama kushoto. Hili liliinama kulia.

Alimpelekea Bi Waziran mrashi mkononi, akaliweka dole la mama juu ya jani. Mama alipapasa polepole.

"La mwanangu," alisema.

"Hili moja, mama. Lipapase vizuri."

"Nimelipapasa. La mwanangu." Akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya mwaka mzima. "Jana amenipaka mafuta nywele. Mikono yake bado ya baridi vilevile."

Dastagir alitazama nywele zake nyeupe. Zilikuwa zimesukwa vizuri, msuko mmoja kama alivyokuwa akisuka Hurmat, na kati ya nyuzi kulikuwa na chembe nyeusi za udongo.

Jumamosi alikuja Nagamma, jirani anayeuza mtindi, akasimama kizingitini na mtungi wake kiunoni, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Bwana fundi, leo nimeongeza kata moja. Ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"Haya, nifanye mimi kiziwi! Ukuta wenyewe huu una unene wa chapati. Mwanamke anamwita mama adhuhuri nzima, 'Ammi hivi, Ammi vile,' na wewe unaniuliza mgeni gani." Akashusha sauti. "Mwaka wa marehemu ungeisha kwanza, baba. Watu wana midomo."

"Nagamma, ndani tupo wawili tu."

Nagamma alimtazama usoni, na kicheko kikamwishia.

"Basi nilipie yangu niondoke," alisema. "Na mtungi wangu sitauacha hapa."

Siku hiyo Dastagir alichukua unga wa ngano, akaunyunyiza uani, kutoka mlango wa karakana hadi kitandani kwa mama mkwe, tabaka jembamba kama vumbi, kisha akalala karakanani juu ya mkeka kama alivyozoea kulala saa za joto. Alikusudia kukaa macho mchana ule wote. Alisikia nzi, alisikia kuku wa jirani, alisikia mnadi wa matikiti akipita njia ya nyuma, kisha harufu ya unyevu ikamjia nzito zaidi, ikitoka karibu, karibu mno, na alipokuwa anajaribu kujua ni upande gani aligundua kwamba inaingia na kutoka pamoja na pumzi yake, na kabla hajanyanyuka, nyundo ndogo ya kugongea fedha ilianza kulia pembeni mwake, tok, tok, tok, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na akataka kugeuza kichwa aone ni nani aliyeishika, na kichwa hakikugeuka, kwa sababu mkono uliokuwa ukipanda na kushuka ulikuwa umeungana na bega lake.

Alipozinduka jua lilikuwa limeshasogea ukutani. Unga ulikuwa na nyayo, za kwenda na za kurudi. Alipiga magoti azitazame. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kimepinda nje, kama chake, kilichovunjwa na kalibu zamani. Chini ya ulimi wake kulikuwa na tope.

Akaingia kwa mama. Bi Waziran alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, kama mtoto aliyeshiba.

"Mama, fungua kinywa."

"Wewe ni hakimu?"

"Tafadhali."

Akafungua. Ulimi ulikuwa mweusi hadi kooni. Mfuko wa udongo ulikuwa chini ya kitanda, nao umepungua nusu. Wali wa siku tatu ulikuwa ndani ya bakuli, umeota ukungu.

"Nani anakulisha huu?"

"Unajua nani."

"Ni mimi, mama. Ni miguu yangu kwenye unga. Ni mikono yangu."

"Mimi kipofu, si mjinga," alisema Bi Waziran. "Mikono yako naijua, ina magamba kama ya mamba. Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini sauti ni yake. Ananiita Ammi. Ananiuliza kama magoti yanauma." Sauti yake ikakatika, kisha ikarudi kali. "Mwaka mzima umekuwa hapa na kinywa chako mwenyewe, hukuwahi kuniuliza magoti."

Lilikuwa kweli.

Jumatatu alimleta Sayyid Burhan, mwalimu aliyetibu watu wa mtaa wa pili, mzee mfupi mwenye meno mekundu kwa tambuu. Alipoingia alinusa hewa, akatema tambuu lake nje kwa heshima, akamkalisha Dastagir uani.

"Ulitema au hukutema?"

"Sikutema."

"Mafundi nyie!" alisema mwalimu. "Mtu akiumwa na nyoka nasema bahati mbaya. Wewe umemchukua nyoka ukamtafuna. Kwa nini?"

Dastagir alimwambia kwa nini. Mwalimu hakufanya mzaha tena.

Alimpa maji yaliyosomewa, akamwambia ayashike kinywani asiyameze, kisha akaendelea kusoma kwa sauti ya chini, mkono wake juu ya utosi wa fundi. Maji yakawa ya baridi, yakawa mazito, yakaanza kusukumana na meno. Dastagir akayatapika meusi, na nyuma yao ikatoka sauti ya mke wake, ileile, na ule mkwaruzo mdogo aliokuwa nao asubuhi.

"Ammi, huyu mzee ananiumiza."

Kitandani Bi Waziran alilia kwa nguvu.

"Si mwanao," mwalimu alimwambia bila kugeuka. "Wewe, jina lako?"

"Hurmat."

"Hurmat yuko kaburini na anaombewa dua. Umemtoa wapi?"

Kinywa cha Dastagir kilicheka kicheko cha kike. "Alinitemea mate miaka kumi na minne. Kila mara alinisalimu kwanza. Aliniambia mambo yake, akiwa peke yake mle ndani. Namjua kuliko mume wake. Mwulizeni: mkewe alikuwa anaogopa nini? Hajui. Mimi najua."

Dastagir alikuwa anasikia yote, kama mtu anayesikia watu wakiongea kwenye chumba chake kutoka nje ya mlango uliofungwa. Na alitaka mwalimu aulize. Alitaka sana kusikia alikuwa anaogopa nini.

Mwalimu hakuuliza. Alisoma mpaka sauti ikafifia. Kisha akaagiza aletewe mrashi, akaugeuza mara moja, akaona jani.

"Kinywani mwako jini hili lilikuwa mgeni," alisema. "Hapa limejijengea mlango. Litatoka na kuingia litakavyo, na huyu mama hataimaliza wiki ijayo."

"Nichimbue jani."

"Chimbua."

Alichimbua Jumanne asubuhi, akaisaga fedha yake, akautupa unga wake kisimani. Baada ya sala ya alasiri jani lilikuwepo, na pembeni yake kikonyo cha jingine. Bi Waziran hakuweza tena kunyanyuka. Alikuwa anachezesha midomo, akimwita mtu aliyekuwa anamwitikia kutoka ndani ya koo la mkwewe, kila Dastagir alipolegea.

Jumatano mwalimu aliwasha tanuri yeye mwenyewe, ili mrashi uyeyushwe, kwa kuwa fundi hakuweza kushika mvukuto wa kupulizia moto. Zinki haihitaji moto mkubwa. Dastagir alisimama na mrashi mikononi. Kila mstari aliujua. Hapa Hurmat alikuwa amekohoa na ncha ikaruka kidogo. Hapa aliinuka kwenda kukoroga mchuzi, akarudi, akaanzia palepale.

"Mwalimu, nisubiri mpaka kesho. Kesho ni hitima. Ninyunyizie mara moja tu."

"Sikia anavyohema."

Alisikiliza. Pumzi za Bi Waziran zilikuwa na mkwaruzo wa mchanga.

Mama alielewa kinachofanyika kwa harufu ya moto. Alijikokota kutoka kitandani kwa viwiko mpaka mlango wa karakana, mkono mmoja ukitafuta miguu ya mkwewe.

"Dastagir. Mwanangu. Niache nife naye. Mimi mzee, kuna hasara gani?"

"Si yeye, mama."

"Najua si yeye! Nani amekuambia nataka yeye? Yeye amekufa! Nataka hiki kilichobaki!"

Kinywani mwa Dastagir ulimi ulianza kusogea wenyewe, laini, ukitafuta jina lake, na sauti ikapanda kooni, ikasema kwa upole kwamba hana kosa, kwamba kama ataweka chombo chini tu, pale pembeni, atamwambia kile ambacho mke wake hakuwahi kumwambia, atamwambia usiku ule wa homa alitaka kusema nini alipofungua macho na yeye Dastagir alikuwa ameshalala kwa uchovu karibu na kitanda, atamwambia neno kwa neno, kwa sababu neno hilo lipo, lilitoka, lilikuwa fupi, na ni haki yake kulisikia, akiweka tu chombo chini.

Aliuachia mrashi uanguke tanurini.

Shingo ililegea kwanza. Mzabibu ukakunjamana, majani yakasogeleana, kisha mwili ukaporomoka na nyuzi za fedha zikabaki zikielea juu ya uji wa kijivu, kwa muda mfupi bado zikiwa na umbo la majani, zikiinama kushoto, kabla hazijazama. Kooni mwa Dastagir ukatoka mlio ambao haukuwa wa Hurmat wala wa mtu yeyote, na baada yake tope, jingi, mpaka akaanguka.

Harufu ikaondoka. Ilikuwa kama mtu amefunga mlango.

Jioni Bi Waziran alikunywa uji, akaushika bila kutapika. Ulimi ulikuwa umeanza kurudi rangi yake. Dastagir alimwambia uji una chumvi. Alimwuliza kama magoti yanauma. Mama aligeukia ukuta.

"Atapona," mwalimu alisema mlangoni. "Kesho mapema urudishe udongo uliobaki. Wote. Mwaga shimoni, funika, usiongee, uoshe mikono kabla hujatoka mle ndani."

Asubuhi, siku ya hitima, wasomaji walikuwa waje baada ya adhuhuri. Dastagir aliamka kabla ya jua kuchomoza, akachukua mfuko na kibuyu cha maji, akaenda ngomeni. Alimwaga udongo wote shimoni. Alikung'uta mfuko. Alirudisha kigae. Akafungua kibuyu ili aoshe mikono, akaona chini ya kucha ya dole gumba umebaki mstari mwembamba, mweusi.

Akafunga kibuyu.

Nyumbani Bi Waziran alikuwa macho, uso ukutani. Dastagir alikaa ukingoni mwa kitanda. Mama alinusa, mara moja, mara mbili, kisha akageuka taratibu. Akautafuta mkono wa mkwewe, akaupandisha puani, akavipitia vidole kimoja kimoja mpaka akalifikia dole gumba. Akaubakiza pale. Wala Dastagir hakuuvuta.

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu jana, mama akaongea.

"Fanya," alisema.

Dastagir aliweka dole kinywani, akalamba, akameza. Walisubiri wote wawili. Nje Nagamma alikuwa anapita akinadi mtindi, na hakusimama mlangoni kwao.

"Ammi," alisema Dastagir.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya mwanamume aliyekosa usingizi.

Bi Waziran alitikisa kichwa.

"Haukutosha," alisema. "Nenda tena."

Dastagir alinyanyuka, akachukua mfuko, akatoka.